Fosforasi mashambani Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutathmini hatari yake kwa mazingira

Fosforasi ni chakula cha mimea. Vipi tena ihesabiwe kuwa hatari?

Ikibaki kwenye konde, fosforasi haimdhuru mtu. Hatari huanza pale inapotoka na maji ya mvua kuelekea kijitoni, bwawani, kwenye mikondo ya mikoko au pwani, kwa sababu ukoga na mimea mingine midogo ya majini huhitaji kiasi kidogo mno cha kirutubisho hiki ili izaliane kwa kasi. Wataalamu wa maji baridi hulihesabu ziwa kuwa limerutubika kupita kiasi pale jumla ya fosforasi inapofika mikrogramu 35 hadi 100 kwa lita. Ukikokotoa, kilo 1 tu ya fosforasi inatosha kuzifikisha lita 10,000,000 za maji kwenye mikrogramu 100 kwa lita. Mkulima aliyepoteza kilo hiyo moja kwa hekta katika msimu mzima hataiona hasara yake katika mavuno wala mfukoni, na ndiyo maana jambo hili huwa gumu kulieleza vijijini.

Baharini hali ina mchanganyiko zaidi, kwa kuwa naitrojeni nayo ina sehemu yake, na mara nyingi sehemu kubwa. Hata hivyo, virutubisho hivi viwili vikiingia pamoja kwenye maji tulivu ya kina kifupi, ukoga huota juu ya nyasi bahari na matumbawe na kuyazuilia mwanga, na unapokufa huoza na kula hewa ya oksijeni ambayo samaki wadogo huihitaji.

Lakini siku zote tunaambiwa udongo wetu umechoka. Je, kweli tuna fosforasi ya ziada?

Mashamba mengi hayana, na ni vyema hilo lisemwe mapema. Sehemu kubwa ya makonde ya muhogo, ya ndizi na ya mpunga wa kutegemea mvua hayapati mbolea ya kutosha, na kumtisha mkulima wa namna hiyo kwa habari za uchafuzi ni kumwonea. Fosforasi ya ziada hujikusanya kwenye vipande vidogo: bustani za tungule, mchicha na bilingani zinazolimwa mwaka mzima kwa ajili ya masoko ya mjini na mahoteli, hasa zile zilizo karibu na mabanda ya kuku, pembezoni mwa mazizi ya ng'ombe, na pale samadi inaporundikwa kila mwaka kabla ya kusambazwa.

Kwa hiyo kazi ya tathmini hapa kwetu ni kuvitafuta vipande hivyo vichache na kuangalia kama maji ya mvua yanavipitia. Kiwango kimoja cha kuizuia mbolea kisiwa kizima hakitamsaidia mtu, kwani kitawabana wenye upungufu na wale wenye ziada wataendelea kama kawaida, kwa kuwa fosforasi yao haitoki kwenye mfuko wa dukani.

Karatasi ya maabara imeandika «fosforasi 65». Ni nyingi au kidogo?

Namba peke yake haijibu. Uliza kwanza mambo matatu: imepimwa kwa njia gani, imeandikwa kwa kipimo gani, na udongo umechukuliwa kwenye kina gani.

Njia za kupima ni nyingi, na kila moja huing'oa sehemu tofauti ya fosforasi iliyomo udongoni. Njia ya Bray ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1945, hutumia asidi hafifu yenye floridi na imekusudiwa udongo wenye uchachu. Njia ya Olsen ya mwaka 1954 hutumia baikaboneti ya sodiamu yenye pH (kipimo cha uchachu) ya 8.5, nayo hufaa pale penye chokaa. Njia ya Mehlich 3 ya mwaka 1984 ina faida ya kupima chuma na aluminiamu kwa mkupuo mmoja, na tutaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu. Udongo uleule ukipelekwa kwenye maabara tatu zinazotumia njia hizi tatu utarudi na namba tatu, na hakuna hata moja itakayokuwa na kosa.

Kuhusu kipimo, maabara huandika miligramu kwa kilo ya udongo, ambayo ni sawa na sehemu kwa milioni, lakini mifuko ya mbolea huandika fosforasi kwa sura ya P2O5, ambayo ni nzito mara 2.29 kuliko fosforasi yenyewe. Mfuko wa kilo 50 wa TSP, mbolea ya dukani ya fosforasi, wenye asilimia 46 ya P2O5, una kilo 23 za P2O5, yaani takriban kilo 10 za fosforasi halisi. Anayezichanganya sura hizi mbili hupandisha au kushusha hesabu yake zaidi ya mara mbili, na kosa hili huonekana hata kwenye ripoti za watu waliosoma.

Tuchukue kwamba 65 hiyo ni ya Olsen. Kwa mpunga, upungufu huwa dhahiri chini ya 5, huwezekana kati ya 5 na 10, na juu ya hapo mara nyingi mbolea ya fosforasi haiongezi mavuno isipokuwa pale mavuno yanapolengwa kuwa makubwa sana. Mboga huhitaji zaidi, lakini 65 ni nyingi hata kwa mboga. Kwa upande wa mazingira, utafiti wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kwenye shamba lao la Broadbalk maji yanayotoka chini ya udongo yalianza kubeba fosforasi kwa kasi pale Olsen ilipovuka takriban 60. Hiyo ni namba ya shamba moja la udongo mzito katika nchi ya baridi. Kwenye kichanga cha kwetu mpaka huo unaweza kufikiwa mapema zaidi, kwa hiyo usiuchukue kama sheria.

Kwa nini namba ileile iwe hatari kwenye kichanga na isiwe hatari kwenye kinongo?

Kwa sababu udongo una nafasi za kuishikia fosforasi, na nafasi hizo hazilingani. Kwenye udongo wenye uchachu, fosforasi hushikwa na oksidi za chuma na aluminiamu. Kinongo, kile chekundu chenye kina, kina nafasi nyingi za namna hiyo. Kichanga kina chache. Nafasi zikianza kujaa, kila kilo inayoongezwa hushikwa kwa udhaifu kuliko iliyotangulia, na maji huibeba kwa urahisi zaidi. Hivyo swali lenye maana kuliko «ipo kiasi gani?» ni «nafasi zimejaa kwa kiasi gani?»

Hesabu yake haina ugumu ikiwa maabara imetumia Mehlich 3. Gawa fosforasi kwa 31, aluminiamu kwa 27 na chuma kwa 56 ili kupata moli, yaani hesabu ya chembe badala ya uzito, kisha gawa ya fosforasi kwa jumla ya hizo mbili. Tuweke mfano wa kukokotoa tu. Udongo wa kwanza, wa kichanga, una fosforasi 120, aluminiamu 500 na chuma 100, zote kwa miligramu kwa kilo. Tunapata 3.87 juu ya 20.3, yaani 0.19. Udongo wa pili, mwekundu, una fosforasi ileile 120, lakini aluminiamu ni 1,100 na chuma 150; tunapata 3.87 juu ya 43.4, yaani 0.09. Watafiti wa jimbo la Delaware nchini Marekani walipendekeza kwamba uwiano ukivuka 0.15 mkulima aanze kuchukua hadhari, na ukivuka 0.20 aache kuongeza fosforasi. Kwa mizani hiyo shamba la kwanza limo kwenye hadhari na limekaribia mpaka wa kuacha, ilhali la pili bado lina nafasi, ingawa kwenye karatasi ya kawaida ya maabara yangesomeka sawa.

Na sisi tulio kwenye maweni na uwanda?

Hesabu ya hapo juu haiwahusu, na asiwadanganye mtu kwa hiyo. Kwenye maweni na uwanda wa mashariki na kusini mwa Unguja, kama Makunduchi na Jambiani, au kule Micheweni kwa upande wa Pemba, mwamba wa chokaa ya matumbawe uko karibu mno na juu, na fosforasi hushikwa zaidi na kalisi kuliko chuma na aluminiamu. Asidi ya njia ya Bray humalizwa nguvu na chokaa hiyo na kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Agizeni Olsen, na ikiwezekana ongezeni kipimo cha fosforasi inayotoka kwa maji matupu, ambacho huonyesha kwa karibu zaidi kile ambacho mvua yenyewe ingekibeba.

Chokaa huishika fosforasi vizuri, na hilo ni jema. Tatizo la maweni ni nyufa. Udongo umekaa kwenye vishimo kati ya mawe, mara nyingine kina cha kiganja tu, na maji yakishapita hapo huteremka kwenye nyufa na mapango bila kuchujwa. Mtu anayejaza samadi kwenye vishimo hivyo ili apande matikiti au pilipili anaweza kuwa na udongo unaopimwa vizuri juu, na maji yanayotoka vibaya chini.

Kwa hiyo kipimo cha udongo kinatosha kujua hatari?

Hakitoshi. Hatari ina sehemu mbili: chanzo, yaani fosforasi iliyopo, na njia ya kuibeba hadi majini. Konde lenye fosforasi nyingi lililo kwenye tambarare, mbali na mtaro wowote, lina hatari ndogo. Konde lenye fosforasi ya wastani lililo kwenye mteremko mkali juu ya kijito linaweza kuwa na hatari kubwa kuliko lile la kwanza.

Wazo hili ndilo msingi wa fahirisi ya fosforasi, yaani jedwali la alama za kupima hatari ya shamba, iliyopendekezwa na Lemunyon na Gilbert nchini Marekani mwaka 1993. Katika sura yake ya awali, alama za mmomonyoko, maji yatiririkayo, kipimo cha udongo, na kiasi na namna ya kuweka mbolea zilipewa uzito na kujumlishwa. Matoleo ya baadaye yaliona kasoro: ukijumlisha, shamba lisilo na njia yoyote ya maji bado hupata alama kubwa kwa sababu tu udongo wake ni tajiri. Yakaanza kuzidisha, alama za chanzo kwa alama za njia, ili upande mmoja ukiwa karibu na sifuri na hatari iwe karibu na sifuri. Kwa maoni yangu, anayetaka kutengeneza fahirisi kwa ajili ya visiwa hivi aanze na kuzidisha, na aweke viwango vyake kwa vipimo vya hapa. Jedwali la jimbo la Pennsylvania nchini Marekani lina alama za ardhi iliyoganda kwa theluji, ambazo Wete, Pemba, hazina kazi.

Njia ya maji hutathminiwaje bila vyombo?

Kwa kutoka wakati wa mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo huonyesha kila kitu, na saa moja ya kutembea na mwavuli huzidi ramani nyingi. Anzia juu ya konde. Angalia kama maji yanaingia kutoka nje, kwa mfano kutoka barabarani au kwenye mapaa ya bati, kwani maji hayo ya watu wengine ndiyo mara nyingi yanayolisomba shamba lako. Kisha yafuate. Je, yanazama kabla ya kufika ukingoni? Yanakusanyika kwenye mfereji mmoja kati ya matuta? Yanatoka yakiwa na rangi ya udongo, au yanatoka meupe?

Pemba jambo hili lina uzito zaidi. Kisiwa kile kina vilima vingi vya miteremko mifupi na mikali, mvua yake ni kubwa kuliko ya Unguja, na baina ya kilima na kilima kuna bonde la mpunga ambalo huishia kwenye mikoko. Chini ya mikarafuu iliyosongamana, penye majani yaliyoanguka na magugu mafupi, maji huzama na udongo hutulia. Lakini pakifyekwa na kupandwa muhogo kwa matuta yanayoshuka na mteremko, kila mfereji baina ya matuta hugeuka kuwa bomba. Ipo pia njia ya miguu, ambayo watathmini wengi huisahau: kijia kilichokanyagwa mpaka kikawa kigumu, kinachoshuka moja kwa moja kutoka banda la kuku hadi kisimani au kijitoni, hubeba maji machafu kuliko konde zima lililo pembeni yake. Ukikiona kijia cha namna hiyo chenye mchanga uliopangika kwa mistari na manyoya ya kuku yaliyonasa kwenye mizizi, tathmini ya upande ule umeshaimaliza.

Rangi ya maji nayo ina maana yake. Maji ya rangi ya udongo hubeba fosforasi iliyogandana na chembe, ambayo inaweza kuzuiwa kwa makinga maji na majani. Maji meupe kutoka kwenye udongo uliojaa hubeba fosforasi iliyoyeyuka, ambayo haionekani, hupita kwenye majani bila shida, na huliwa na ukoga papo hapo. Mtu asije akaridhika kwa kuwa maji yake hayana tope.

Majaruba ya mpunga yanahesabiwaje?

Kwa tahadhari, kwa sababu yana tabia mbili zinazopingana. Jaruba lenye kuta nzima ni mtego mzuri: maji ya kilimani hutua humo, tope huzama, na fosforasi iliyokuja nalo hubaki kwa ajili ya mpunga. Bonde lililolimwa vizuri linaweza kuikinga mikoko iliyo chini yake.

Tabia ya pili ni ya kikemia. Udongo unapofunikwa na maji kwa siku nyingi, oksijeni huisha, chuma hubadilika kutoka sura isiyoyeyuka kwenda sura inayoyeyuka, na fosforasi iliyoshikwa nacho huachiwa. Mpunga hunufaika na hali hiyo, na ndiyo maana mpunga wa kwenye maji huvumilia udongo maskini kuliko mahindi. Lakini maji hayo yakifunguliwa ghafla huondoka na kirutubisho. Kwenye mabonde ya umwagiliaji, kama Mtwango, Bumbwisudi au Cheju, ambako maji hupangwa kwa zamu, kipengele cha kuandika kwenye tathmini ni siku ngapi hupita kati ya kuweka mbolea na kufungua maji. Mbolea ikimwagwa juu ya maji na jaruba likafunguliwa siku mbili baadaye, sehemu yake imetupwa. Ni bora kuifukia TSP au DAP (mbolea yenye naitrojeni na fosforasi) wakati wa kuvuruga udongo kabla ya kupandikiza.

Kuhusu kiasi, tani 1 ya mpunga, pamoja na majani yake, huchukua takriban kilo 2 hadi 3 za fosforasi. Mavuno ya tani 4 kwa hekta huondoa kiasi kilicho karibu sana na mfuko mmoja wa TSP. Anayeweka mfuko mmoja kwa hekta na kuvuna hivyo hajengi ziada yoyote.

Samadi ya kuku ni ya asili. Si afadhali kuliko mbolea ya dukani?

Kwa rutuba ya udongo ina sifa ambazo mbolea ya dukani haina, na hatuna nia ya kuipiga vita. Kwa fosforasi, hata hivyo, samadi ya kuku ndiyo chanzo cha kwanza cha kukiangalia, na sababu ni uwiano. Mimea mingi huchukua naitrojeni kwa uzito mara kadhaa ya fosforasi. Samadi ya kuku huwa nayo mara mbili hivi tu. Ukiiweka kwa kuitazama naitrojeni, fosforasi inapita mpaka.

Chukulia samadi kavu yenye asilimia 3 ya naitrojeni na asilimia 1.5 ya fosforasi, viwango ambavyo ni vya kawaida. Tani 2 kwenye ekari moja huleta kilo 60 za naitrojeni na kilo 30 za fosforasi, ambazo ni sawa na karibu mifuko mitatu ya TSP. Tungule tani 8 zikivunwa kwenye ekari hiyo huondoka na takriban kilo 2 za fosforasi. Kilo 28 zinabaki. Udongo wa ekari moja kwa kina cha sentimita 15 una uzito wa tani 800 hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa namna hiyo huongeza miligramu 35 za fosforasi kwa kila kilo ya udongo. Si zote zitakazoonekana kwenye kipimo cha Olsen, lakini zimo. Na mkulima wa mboga halimi mzunguko mmoja kwa mwaka.

Jambo la kusikitisha ni kwamba samadi hiyo hukaa karibu na banda kwa sababu ya gharama ya gari, huku konde la mahindi lililo mwendo wa nusu saa likiwa na njaa nayo.

Sampuli ya udongo ichukuliwe vipi?

Gawa shamba kulingana na udongo na matumizi; usichanganye kichanga na kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi), wala bustani na konde la muhogo. Katika kila sehemu tembea kwa kupinda kushoto na kulia, uchimbe pointi 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 15, uchanganye kwenye ndoo safi, kisha upunguze hadi kubaki nusu kilo hivi. Epuka mahali palipochomwa taka, palipokuwa na lundo la samadi, na chini ya mti wanapopumzika ng'ombe. Hapo papimwe peke yake, kwa kuwa huenda ndipo penye tatizo.

Pale udongo usipolimwa mara kwa mara, chukua pia sampuli ya pili ya sentimita 5 za juu tu. Samadi inayomwagwa bila kufukiwa hujilimbikiza kwenye tabaka hilo jembamba, na ndilo linalokutana na maji ya mvua. Sampuli ya sentimita 15 huichanganya na udongo maskini wa chini na kuificha hatari.

Anika kivulini, juu ya karatasi safi. Kuanika udongo juu ya mfuko mtupu wa DAP ni jambo la kawaida sana vijijini, na punje chache zilizobaki kwenye mshono zinatosha kuharibu kipimo.

Si rahisi zaidi kupima maji ya kijito moja kwa moja?

Ni kipimo kizuri cha kuthibitisha, lakini ni kigumu kuliko kinavyoonekana. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mwaka hupita katika mvua chache kubwa, tena katika saa za mwanzo, na anayekwenda na chupa siku ya jua hupima kijito kilichotulia. Sampuli ya fosforasi iliyoyeyuka yapasa kuchujwa mapema, kwa kawaida kwa kichujio cha mikromita 0.45, na kuwekwa kwenye baridi mpaka maabara, kwa sababu chembe na vijidudu vilivyomo huendelea kuichukua na kuiachia. Chupa isioshwe kwa sabuni ya unga, kwani sabuni nyingine zina fosfeti ndani yake. Maabara nyingi hutumia njia ya molibdeti, iliyochapishwa mwaka 1962, ambapo maji hugeuka buluu kwa kadiri ya fosfeti iliyomo. Chupa chafu hutoa buluu iliyokoza na mtu wa maabara hana njia ya kujua.

Zingatia pia kwamba kijito hubeba mambo ya wote. Makaro, vyoo vya shimo na maji ya kufulia nayo yana fosforasi. Kumlaumu mkulima kabla ya kuangalia nyumba zilizo juu ya kijito si tathmini.

Je, fosforasi kwenye maji ya kisima ina madhara kwa anayeyanywa?

Kwa viwango vinavyotoka mashambani, fosfeti yenyewe haina sumu, na Shirika la Afya Duniani halijaiwekea kikomo cha kiafya. Naitreti ndiyo yenye kikomo, miligramu 50 kwa lita. Lakini kisima chenye fosfeti nyingi kwenye eneo la maweni kimeonyesha kwamba maji ya juu yanaingia bila kuchujwa, na yanayoingia hayo huenda yamebeba naitreti na vijidudu vya kinyesi. Kipimwe kwa hayo haraka.

Wakulima wa mwani si watanufaika na virutubisho hivyo?

Mwani hutumia virutubisho, hilo ni kweli. Ila ukoga na magugu madogo ya baharini huvitumia kwa kasi zaidi, huota juu ya mwani wenyewe na kwenye kamba, na mama aliyetoka kwenye maji kupwa asubuhi huishia kusugua badala ya kuvuna. Kufa kwa mwani kuna sababu nyingine pia, joto la maji likiwa mojawapo kubwa, kwa hiyo tusiitwishe fosforasi mzigo wote.

Imeonekana shamba langu limejaa na lina njia ya maji. Nifanye nini?

Acha kuongeza fosforasi, ya dukani na ya samadi. Mimea haitapungukiwa; na iwapo naitrojeni inahitajika, weka yurea au panda jamii ya kunde. Hamishia samadi kwenye konde lenye upungufu, hata kama itabidi kulipia gari la ng'ombe. Kisha ishughulikie njia: geuza matuta yakate mteremko, yapeleke maji ya paa na ya barabara kwingine, na panda ukanda wa majani ya tembo kati ya konde na mtaro. Majani hayo yakatwe na kuondolewa mara kwa mara, la sivyo ukanda nao hujaa na kuanza kutoa.

Matarajio yawe ya kweli. Hekta moja kwa kina cha sentimita 15 ina takriban tani 2,000 za udongo, kwa hiyo kushusha kipimo kwa miligramu 50 kwa kilo kunahitaji kuondoa angalau kilo 100 za fosforasi. Mazao yanayoondoa kilo 10 kwa mwaka yatahitaji miaka 10 kwa uchache, na kwa kawaida zaidi, kwa sababu akiba iliyoshikwa ndani hurudisha sehemu ya kile kilichoondolewa. Njia ya maji hurekebishika ndani ya msimu mmoja, anza nayo.

Nianzie ofisi gani?

Bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako ndiye wa mwanzo. Kwa ushauri wa udongo iko Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, Kizimbani. Mradi mkubwa wa mifugo, wenye mamia au maelfu ya kuku, una suala jingine la tathmini ya athari za mazingira, ambalo liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar.

Baada ya muda gani nipime tena?

Fosforasi hubadilika polepole, hivyo miaka mitatu hadi minne inatosha kwa konde la kawaida, na miwili kwa bustani inayopata samadi kila mzunguko. Pima msimu uleule, kabla ya kuweka mbolea, kwa kina kilekile na kwa njia ileile ya maabara; ukibadilisha njia, omba sampuli moja ipimwe kwa zote mbili ili karatasi ya zamani na mpya ziweze kusomwa pamoja. Njia ya maji ikaguliwe kila masika, kwa kuwa barabara mpya au nyumba moja iliyojengwa juu yako inaweza kuibadilisha kwa usiku mmoja wa mvua.